Mkwe Wangu Haendagi Chooni

Nyasura yote inajua mimi ni mwongo. Sikatai. Niliwahi kuwaambia wanawake wa bombani kwamba mwaka ule wa mvua nyingi samaki kamongo alitoka mtoni akaingia jikoni kwangu, akapanda kwenye kigoda, akaota moto mpaka mkia ukakauka. Wakacheka, wakajitwisha ndoo zao, wakaenda. Uongo wa namna hiyo haumuumizi mtu. Lakini ninao mwingine, niliusema pale pale bombani mwaka mzima, na huo ulimla mtu figo. Ngoja niueleze wote. Mahali nitakapoongeza chumvi nitawaambia.

Mtu mwenyewe ni mkwe wangu, mume wa binti yangu Selestina. Anaitwa Thadeo. Kwetu Butiama, katika ukoo wetu, mama mkwe hamtajagi mkwe wake jina. Kwa miaka kumi na sita nimemwita Baba Flora, kwa jina la mjukuu wangu. Leo namtaja. Hospitali imeshatuvua heshima zote, hii ya jina ibaki ya nini?

Thadeo ni mzaliwa wa Suguti, kwa wakulima wa muhogo. Alikuja Bunda kijana, na nyundo moja, akakaa kwenye kilima cha mawe upande wa Kabasa, na hakuinuka pale mpaka juzi. Anaponda kokoto. Kazi yenyewe iko hivi: mnawasha moto juu ya jabali, wa kuni au wa matairi mabovu, mpaka lipasuke. Mnabomoa vipande kwa mtaimbo. Halafu mtu anakaa chini, anazungushia kijiwe pete ya mpira wa tairi ili kisiruke, anagonga. Anagonga tangu asubuhi mpaka jua linazama. Kivuli chake ni gunia juu ya vijiti vinne. Nusu ya nyumba za Bunda zimesimama juu ya kokoto za mkwe wangu. Hapo nimeongeza, ila si sana.

Hana maneno mengi. Hanywi pombe. Akicheka anaziba mdomo kwa kiganja kama mwali, maana jiwe liliwahi kuruka likamng'oa jino la mbele. Selestina alipomleta nyumbani mara ya kwanza nilimtazama mikono, nikasema huyu hatampiga mwanangu, amechoka kupiga. Na kweli, hakumgusa hata siku moja.

Na heshima sasa! Kwetu mkwe hampi mama mkwe mkono, hakai naye benchi moja, hali mbele yake, na wakikutana njiani anapinda pembeni. Vijana wa siku hizi wanafanya nusu, wanaacha nusu. Thadeo alifanya zote akazidisha. Siku moja aliniona sokoni Bunda natokea kwa wauza dagaa, akakosa pa kupinda. Kulikuwa na lori la mahindi limesimama. Akalidandia, akajilaza juu ya magunia. Lori likaondoka naye, likaenda kumshusha Musoma. Hapo sijaongeza hata punje. Selestina alimngoja na ugali mpaka ukawa mgumu wa kujengea.

Basi mvua za mwaka juzi ziliangusha nyumba yangu ya Butiama, ukuta wote wa nyuma. Selestina akaja akanichukua, akaniweka kwake hapa Nyasura mjini Bunda, chumba cha uani. Chumba kizuri, kina dirisha. Ila njia ya kwenda chooni ilipita mbele ya mlango wangu, hatua tatu tu, na njia nyingine haikuwepo. Huku ukuta wa jirani, huku banda la kuku.

Mkwe kuonwa na mama mkwe wake akielekea chooni na kopo la maji mkononi, kwetu ni afadhali ardhi impasukie. Mimi nilijua hilo vizuri. Ndiyo maana kigoda changu nikawa nakiweka pale pale mlangoni. Nabangua karanga, nachambua mchicha, nasuka mkeka ambao haukuishaga. Thadeo anatokea kwenye kona ya nyumba na kopo lake, ananiona, anasimama. Halafu anajifanya amekuja kutazama kuku. Anawamwagia maji ya kopo, anarudi alikotoka. Kuku wa nyumba ile waliogeshwa kuliko watoto wa mtaa. Mimi nacheka kimoyomoyo mpaka mbavu zinauma. Nimezeeka, sina redio, huo ndio ulikuwa mchezo wangu.

Na ningeishia kucheka kimoyomoyo, lakini mdomo wangu haujui kukaa. Nikaupeleka bombani.

"Ninyi mna wakwe," nikawaambia. "Mkwe ninaye mimi. Tangu amuoe Selestina, haendagi chooni."

"Acha hizo, Bibi Bhoke!" akasema Adventina, mke wa fundi baiskeli. "Sasa anakwenda wapi?"

"Haendi popote. Yule ana heshima mpaka tumboni. Akinywa maji yanatokea kwa jasho."

"Na ugali?"

"Ugali anauponda huko huko na kokoto."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga ndoo. Kabla jua halijazama habari ilishafika Kabasa. Wapondaji wenzake wakampa jina, Mtu wa Jasho. Mwingine angekasirika. Thadeo akaziba mdomo kwa kiganja, akacheka, akaliona jina ni sifa. Na mtu akishavishwa sifa ya namna hiyo, anaivua vipi? Atoke siku moja na kopo, wakati mtaa mzima unasimulia kwamba haendi? Akaacha kunywa maji mchana. Chupa aliyokwenda nayo kazini ilirudi jioni imejaa vile vile. Hayo Selestina aliniambia baadaye. Jua la kilima kile, na moto wa matairi, na mtu anameza mate yake.

Mwanzoni mwa mwaka jana alijaribu kutoka. Kwetu njia ipo: mkwe akitaka kufunguliwa analeta mbuzi, mama mkwe anampokea, mnakula sahani moja, basi. Tangu hapo ni mtu na mama yake. Thadeo alileta beberu mweusi, akamfunga kwenye mpapai, yeye mwenyewe akajificha ndani. Selestina akaja kuchuchumaa mbele yangu.

"Mama, Baba Flora anaomba mmalizane."

Nikamzunguka yule mbuzi. Nikamshika mbavu, nikamfungua mdomo kama mnunuzi wa mnadani.

"Huyu ana kikohozi," nikasema.

"Mama, mbuzi hajakohoa tangu afike."

"Anajizuia. Mrudisheni."

Hakuwa na kikohozi. Alikuwa anang'aa mgongo kama amepakwa samli. Lakini nikishamfungua mkwe wangu, mlangoni nitacheka nini? Na bombani nitasema nini? Selestina akamfungua mbuzi, akamkokota nje ya uzio bila kunitazama.

Maumivu yalianza kama mwezi mmoja baada ya hapo. Upande wa kushoto, chini ya mbavu, yanashuka mpaka kinenani. Yanambana kama uchungu wa kuzaa, anatoka jasho, halafu yanamwacha, anaona amepona. Kinena hakuweza kukitaja hata kwa mkewe. Alisema mgongo. Selestina akamwambia, mtu anayekaa juu ya jiwe miaka ishirini atakosaje mgongo, nenda zahanati.

Sasa pale zahanati nesi wa zamu ni Hilda. Na Hilda ni mdogo wangu, tumbo moja. Kwa hesabu yetu, mdogo wangu ni mama mkwe wake vile vile kama mimi. Thadeo anaingia, anamkuta Hilda kakaa na sare yake nyeupe, anabaki anatazama sakafu. Mambo yalivyokwenda Hilda alinisimulia mwenyewe.

"Unaumwa wapi, baba?"

"Mgongo."

"Mgongo wa juu au wa chini?"

"Wa kazi."

"Na mkojo unatoka vizuri? Rangi yake ikoje?"

Thadeo akatoka nje. Hilda akamfuata mpaka mlangoni, akamkuta yuko nyuma ya tangi la maji, amempa mgongo. Akamwekea dawa chache za maumivu kwenye bahasha, akamtumia kwa mlinzi, na maneno: arudi kesho, kuna daktari mwanamume, apimwe mkojo. Hakurudi kesho wala mtondo. Dawa zilipokwisha akawa anajinunulia nyingine duka la dawa, zile zile za mgongo, anameza mbili, anameza tatu, anashika nyundo. Hivyo kwa miezi minane.

Siku yenyewe Selestina alikuwa Suguti kwenye msiba wa shangazi wa mumewe. Flora yuko shule ya bweni. Nyumbani nimebaki mimi, kuku na kigoda. Saa saba mchana nasikia mtu anatapika nyuma ya banda. Nikazunguka. Thadeo amepiga magoti kwenye mavi ya kuku, anatetemeka kama amelowa mvua, macho mekundu. Aliponiona akajaribu kuinuka apinde. Miguu ikakataa.

Mimi na yule mtu hatukuwahi kusemeshana uso kwa uso. Maneno yetu yalipitaga kwa Selestina au kwa mtoto, na hapo hapakuwa na hata mmoja. Nikamgeukia jogoo.

"Jogoo," nikasema, "muulize Baba Flora ana nini."

Thadeo akamwambia jogoo, meno yanagongana: "Mwambie mama ni mgongo."

"Jogoo, mwambie mgongo hautapishi mtu."

"Mwambie mama aingie ndani kidogo. Nitapita."

"Mwambie leo atapita akiwa amebebwa."

Nikaenda barabarani nikasimamisha bajaji. Akakataa kukaa nyuma pamoja na mimi. Akabanana mbele na dereva, kajikunja tumbo kama mkasi.

"Bibi, huyu amelewa?" dereva akauliza.

"Huyu ni mkwe."

"Aa," akasema dereva, akasogea pembeni ampe nafasi. Ni mtu wa huku huku.

Hospitali ya pale Bunda wakampaka mafuta ya baridi ubavuni, wakapitisha kile kidude cha kupiga picha za ndani. Wakatazamana. Wakaandika karatasi, wakatupandisha gari la wagonjwa kwenda Musoma. Nikamwuliza nesi wa kwenye gari karatasi inasemaje.

"Figo ya kushoto ina maji, bibi. Wataeleza huko."

Figo ina maji. Mimi sikusoma, lakini kusikia nasikia. Nikajiambia kumbe ni jambo jepesi, dawa yake ni kumnyima maji. Chupa aliyowekewa pembeni nikaichukua taratibu, nikaifunga kwenye kitenge, nikaikalia mpaka Musoma. Nilijiona nimemwokoa.

Daktari wa Musoma alikuwa msichana, Yasmin, mtoto wa wafanyabiashara wa pale mjini, ushungi mweupe, umri wa mjukuu wangu. Akamwuliza Thadeo maswali yale yale ya Hilda. Thadeo anatazama ukuta.

"Baba, nisaidie nikusaidie. Mkojo ulikuwa unatoka?"

Akanigeukia mimi.

"Bibi, mgonjwa haongei?"

"Anaongea," nikasema. "Ila mimi ni mama mkwe wake."

"Basi toka nje, bibi."

Neno fupi vile. Miezi minane hapakuwa na mtu wa kulisema. Nikatoka, nikakaa kwenye benchi, na kupitia mlangoni nikamsikia mkwe wangu, mtu asiye na maneno, anaongea bila kuvuta pumzi. Damu kwenye mkojo. Mchanga. Kinena. Jinsi alivyotoka kwenda vichakani kabla sijaamka, na jinsi alivyobana mpaka arudi kazini. Nami nimekaa pale, na ile chupa ya maji chini yangu.

Alipomaliza, daktari akaniita. "Ndugu aliyepo ni wewe tu?"

"Ni mimi tu."

"Basi lazima uelewe." Akautaja ugonjwa, haidronefrosisi. Nikamwambia, mwanangu, hilo jina ni refu kama treni, na treni haisimami kwetu, nieleze kwa Kiswahili cha sokoni. Akacheka kidogo. Akachukua karatasi akachora maharage mawili, kila haragwe na mrija wake unashuka, yote miwili inaingia kwenye mfuko mmoja.

"Haya ni mafigo. Yanachuja damu, yanatengeneza mkojo. Mkojo unashuka na mrija huu mpaka kwenye kibofu. Sasa hapa," akaweka nukta nyeusi katikati ya mrija wa kushoto, "pana jiwe. Dogo, kama punje ya choroko. Limeziba. Figo haijui kwamba huku chini kumezibwa, yenyewe inaendelea na kazi. Mkojo ukikosa pa kwenda unarudi juu, unaitanua figo kwa ndani. Hayo ndiyo maji waliyoyaona kwenye picha. Si maji aliyokunywa yakazidi, bibi. Ni mkojo uliokosa njia. Maji alitakiwa kunywa mengi kuliko wewe na mimi."

Nikakifungua kitenge, nikaitoa chupa, nikaiweka mezani. Akaitazama. Akaisogeza pembeni ya karatasi.

"Kwa hiyo huko kuvimba ndio ugonjwa?" nikasema.

"Kuvimba ni alama. Mwanamke anaweza kuvimba figo kwa sababu ya mimba, mzee kwa sababu ya tezi dume, mtoto kwa sababu alizaliwa na mrija mwembamba. Unatafuta kwanza kilichoziba. Huyu kazibwa na jiwe, na juu ya jiwe mkojo umeingia wadudu, ndiyo maana ana homa. Tunatoboa mgongoni leo hii, tunaweka mrija utoe mkojo nje. Tukichelewa, wale wadudu wanaingia kwenye damu, anakufa. Kifo nadhani tumekiwahi. Figo, sijui. Imebanwa muda mrefu, nyama yake imekuwa nyembamba kama ngozi ya puto. Tutautoa mkojo, tusubiri wiki kadhaa. Ikiwa imebaki nyama ya kufanya kazi, figo itaamka. Ikiwa haipo, basi."

Miaka ishirini Thadeo anapasua majabali, na lake mwenyewe lilikuwa kama choroko.

Nikamwuliza daktari swali nililokuja nalo kutoka kwenye benchi. "Mtu akizuiliwa chooni, ndiyo anapata hilo jiwe?"

"Kuzuia peke yake, siwezi kusema hivyo. Kukaa juani bila maji, ndiyo, hilo linaleta mawe. Na zile dawa za maumivu kumeza hovyo zinaiumiza figo. Lakini watu wengi wanapata jiwe na wanapona vizuri tu. Iliyoharibiwa hapa imeharibiwa na kuchelewa. Angekuja mwezi wa kwanza, akasema panapouma, leo tungekuwa tunaongea mengine. Kwa nini hakusema?"

Mimi niliyempa kamongo kigoda na moto, nikainama kukunja kitenge changu.

Walimtoboa kabla jua halijazama. Nikamkuta wodini amelalia ubavu, mrija unatoka mgongoni, unaingia kwenye mfuko wa plastiki ulioning'inia kitandani mbele ya macho ya kila mtu. Mkojo wa mkwe wangu, una rangi ya chai ya maziwa kwa usaha. Nesi akanipa jagi lenye mistari.

"Mfuko ukijaa unamwaga humu, bibi, unaangalia umefika mstari wa ngapi, unaniambia. Figo ikiamka utaona mstari unapanda siku hadi siku."

"Nimwage mimi?"

"Kuna mwingine?"

Hapakuwa na mwingine. Barabara ya Suguti ilikatwa na mvua, Selestina angefika kesho yake. Nikamwaga mara tatu. Thadeo amejifunika uso kwa shuka. Mara ya tatu nikaona shuka linatikisika, na halikutikisika kwa homa. Nikavuta pazia la kitanda likawa kati yetu, nikasimama upande wangu na jagi mkononi.

"Pazia," nikasema, "mwambie Baba Flora yule mbuzi hakuwa na kikohozi."

Shuka likaacha kutikisika. Halafu akasema, sauti ndogo kama ya mtu aliye chini ya kisima: "Pazia, mwambie mama najua. Nilimpeleka kwa bwana mifugo kabla sijamleta. Akanipa cheti."

Cheti! Alikuwa nacho mfukoni siku ile. Hakukitoa, kwa heshima, asije akanitoa mwongo mbele ya mwanangu.

Tulingoja wiki sita ile figo iamke. Walimrudisha Nyasura na mrija wake mgongoni, na jagi nikaja nalo. Kila asubuhi Selestina anamwaga na kuandika kwenye karatasi, mimi nainama kutazama mstari kama mtu anayetafuta sindano. Siku ya kwanza wa pili. Siku ya kumi wa pili. Siku ya ishirini chini ya wa pili, na mkojo wenyewe mweupe, hauna nguvu, kama maji yaliyooshea vyombo. Tulipokwenda kuonwa, nesi akauliza unafika wapi.

"Wa nne," nikasema upesi. "Juzi ulipita wa nne."

Selestina akanitazama. Nesi akatazama karatasi ya Selestina. Thadeo akatazama mikono yake. Hakuna aliyecheka.

Daktari Yasmin akasema figo ya kulia inafanya kazi ya mbili, na ya kushoto imekufa, na ikibaki ndani itaoza tena. Wakaitoa. Jiwe likatoka nayo. Thadeo aliulizwa kama anataka kuliona, akasema mawe ameyaona ya kutosha.

Sasa nyundo hawezi tena. Anakaa kivulini mbele ya nyumba, anakata pete za mpira kutoka matairi mabovu, wenzake wa Kabasa wanakuja kuzichukua. Mkewe kampangia chupa tatu kubwa za maji mezani, na kila siku lazima aone ziko tupu. Kwa hiyo chooni anakwenda. Anakwenda na kopo lake, anapita mbele ya mlango wangu. Kigoda nilishakihamishia nyuma, kwenye moshi wa jiko, lakini chumba kina dirisha, mlisikia.

Jumapili moja nikaona nifanye ambalo mama mkwe wa kwetu hajawahi kufanya. Mbuzi sina. Nikamkamata jogoo, nikamchinjisha, nikampika kwa nyanya na vitunguu, nikasonga ugali wa muhogo anaoupenda, nikauweka kwenye sahani moja kubwa. Nikamtuma Selestina amwite. Thadeo akaja, akasimama, akaitazama sahani. Selestina akaingia ndani, akatuacha.

Mtu wa kutupitishia maneno hayupo. Na jogoo yuko kwenye sahani.

"Mama," akasema.

Ndiyo mara ya kwanza kuniita uso kwa uso. Macho yake ni ya rangi ya kahawia, sikuwahi kuyajua.

"Huyu ndiye yule jogoo?"

"Ndiye."

"Ungemwacha. Hakuwa na kosa."

"Kaa tule, Baba Flora. Nakufungua."

Akachuchumaa. Akanawa mikono kwa bakuli nililomwekea, vidole kimoja kimoja, kama mtu anayekwenda kula kweli. Akafuta kwa kitambaa. Akainuka.

"Mbuzi nilimleta nikiwa na figo mbili, mama. Nilitaka njia tu ya kupita. Sasa napita."

Akachukua kopo lake pale ukutani, akapita mbele yangu, hatua tatu, hakuharakisha. Maji ya kopo hakuwamwagia kuku. Nikakaa na ile sahani mpaka ugali ukapoa, ukaota ngozi juu.

Jana nilikuwa bombani. Adventina akanisogezea ndoo, anatabasamu, anataka hadithi. "Bibi Bhoke, siku nyingi! Na Mtu wa Jasho hajambo?"

"Hajambo. Anakwenda chooni mara tisa kwa siku. Nahesabu."

Walicheka wote. Adventina akashika bomba asianguke. "Mara tisa! Bibi wewe, utatuua!"

Nikajitwisha ndoo yangu. Ni maji yake ya kunywa, ya kuchemsha na kujaza zile chupa tatu. Anayanywa yote. Hajawahi kuuliza nani anayachota.